Watoto wawili wa mbuzi waliofiwa na mama: namna ya kuwapokea nyumbani na kuwalea mpaka warudi kundini

Mwanzisha uzi, Wete (siku ya kwanza)

Assalamu alaykum ndugu zangu wafugaji. Nimefungua uzi huu usiku huu huu kwa sababu watoto wawili wa mbuzi, dume na jike, wamelala ndani ya pakacha kando ya kitanda changu, na kwa sababu mwaka jana, katika hali kama hii, nilimpoteza mmoja kwa kosa langu mwenyewe ambalo sitaki mtu mwengine alirudie.

Shangazi yangu anaishi Micheweni. Mbuzi wake alizaa jana alasiri, akatokwa na damu nyingi, na alfajiri haikumkuta. Shangazi ni mtu wa mbuzi tangu utotoni, na alipoona mama anazimika hakukaa kumsikitikia. Alichukua kibakuli akamkama yale maziwa mazito ya manjano, dang'a, mwili ungali na joto, akapata kama kikombe kimoja na nusu, akawanywesha watoto kwa kijiko, kidogo kidogo, usiku kucha. Naamini kwa dhati kwamba kikombe kile ndicho kilichowafikisha asubuhi. Mtoto wa mbuzi huzaliwa hana kinga ya maradhi, kwa kuwa kondo la mbuzi halipitishi kinga kutoka kwenye damu ya mama. Kinga yote imo ndani ya dang'a, na utumbo wa mtoto huipokea kwa muda mfupi tu. Saa sita za mwanzo tangu kuzaliwa ndizo bora kabisa, na ikishapita siku moja utumbo umekwisha kujifunga, hata ukimpa ndoo nzima haimfai kitu kwa upande wa kinga. Mtoto wa kilo mbili anahitaji kama mililita 100 katika mlo wa kwanza na zisipungue 200 kwa siku nzima ya mwanzo.

Nimewachukua leo asubuhi kwa gari ya abiria, katika mvua ya masika, na upepo ulikuwa ukiingia pande zote. Niliwatandikia majani makavu ndani ya pakacha, nikawafunika kanga mbili, nikalipakata mapajani. Pamoja na hayo, nilipofika nyumbani nikamtia jike kidole kinywani, nilikuta ulimi wake una baridi kama jiwe la mtungini, na hakukinyonya kidole. Kipimajoto kikasema digrii 36.2, ilhali mtoto wa mbuzi mwenye afya huwa kati ya 38.5 na 40.

Hapa ndipo nilipokosea mwaka jana. Nilimwona yule mtoto amenyong'onyea, nikadhani ni njaa, nikamtia chupa kinywani na kumkamulia maziwa kooni. Mtoto mwenye baridi hana nguvu ya kumeza wala tumbo lake halisagi kitu. Maziwa mengine yaliingia mapafuni, mengine yakalala tumboni yakachacha, na kabla ya Isha alikuwa amekwisha kufa mikononi mwa mwanangu. Kwa hivyo leo sikugusa maziwa. Nilijaza maji ya moto chupa mbili za plastiki, nikazizungushia kanga kuukuu ili zisimuunguze, nikazilaza ubavuni mwake kila upande, nikamkausha manyoya mpaka kwenye mapaja na masikio. Ilichukua muda wa saa moja na nusu. Kipimajoto kilipofika 38.1 aliinua kichwa mwenyewe, na nilipomtia kidole akakivuta kwa nguvu. Hapo ndipo alipopata maziwa yake.

Naomba wenye uzoefu waniongoze katika mambo mawili: usiku niwaamkie mara ngapi, na niwaweke ndani kwa muda gani kabla ya kuwajengea mahali pao.

Mchangiaji, Makunduchi

Waalaykum salaam, Maalim, na pole kwa msiba wa shangazi, maana mbuzi wa kukamwa ni nguzo ya nyumba. Mimi nina swali kabla ya jibu. Wewe ulibahatika kuwa na shangazi hodari. Je, anayeokota mtoto ambaye hakupata dang'a hata tone moja afanye nini? Huku kwetu kusini ya Unguja, mbuzi wengi huzalia maweni huko mbali, na mara nyingi tunamwona mtoto pale tu anapolia.

Kuhusu usiku, kwa siku tatu za mwanzo mimi huamka kila baada ya saa nne. Kuanzia siku ya nne, nikiwapa mlo wa mwisho saa tano za usiku, nawaacha mpaka sala ya alfajiri, na sijapata kuona madhara kwa mtoto aliyekuwa na afya.

Mwanzisha uzi

Ahsante sana. Kuhusu dang'a, jibu langu ni kumtafuta ng'ombe aliyezaa karibuni. Dang'a ya ng'ombe si sawasawa na ya mbuzi, lakini ni bora mara nyingi kuliko kukosa kabisa. Ninayo jirani mwenye ng'ombe wawili, na tangu mwaka jana nimemwomba kila ng'ombe wake anapozaa aniwekee chupa moja ndogo ya mkamo wa kwanza, baada ya ndama kushiba, nami huitia kwenye friza, na hukaa miezi sita bila kuharibika. La kuzingatia ni namna ya kuiyeyusha: itiwe ndani ya bakuli la maji ya vuguvugu na kusubiriwa kwa subira, isiwekwe motoni kabisa, kwa sababu moto huigandisha kama yai na ile kinga yote hupotea.

Mchangiaji, bwana mifugo mstaafu, Chake Chake

Nimeusoma uzi huu kwa furaha, na ningependa kuongeza mambo ambayo niliyaona mara nyingi kazini.

La kwanza ni la hatari kwa watu zaidi kuliko kwa mbuzi. Wengi, wakiona mtoto ana baridi, huingiza seredani ya mkaa chumbani na kufunga mlango na madirisha ili joto lisitoke. Msifanye hivyo. Moshi wa mkaa usioonekana huua mtu usingizini bila ya kikohozi wala harufu ya kumwamsha. Chupa za maji ya moto alizotumia Maalim ndizo salama, na zibadilishwe kila zinapopoa.

La pili, mtoto aliyepita saa tano tangu azaliwe, ambaye hakula kitu na joto lake limeshuka chini ya 37, amekwisha kuitumia akiba yake yote ya nguvu mwilini. Huyo ukimpasha moto kabla hajapata sukari anaweza kushikwa na kifafa na kufa huku mwili ukipata joto, jambo ambalo humwacha mwenyewe ameshangaa. Anahitaji glukosi kwa sindano ya tumbo kutoka kwa mtaalamu, kisha ndipo apashwe. Mtoto wa Maalim alisalimika kwa kuwa shangazi alikuwa amemnywesha usiku kucha.

La tatu ni kitovu. Kichovyeni katika dawa ya iodini mara tu mnapompokea mtoto, na rudieni siku ya pili. Kitovu kibichi ni mlango wa vidudu, na vidudu vikiingia hapo huonekana wiki moja au mbili baadaye kwa magoti yaliyovimba, ambapo tiba huwa ngumu na mara nyingi mtoto hubaki kilema.

Mwanzisha uzi (siku ya nne)

Ahsante sana Mzee wangu, nimekichovya kitovu jioni ile ile, na leo kimekauka kama kijiti.

Naona niandike kwa urefu namna ninavyowanywesha, kwa kuwa nimeulizwa na watu wawili faraghani. Kila asubuhi nawapima kwa ile mizani ya kuning'iniza wanayopimia pweza. Namtia mtoto ndani ya pakacha, natundika, natoa uzito wa pakacha. Dume ana kilo 1.9 na jike kilo 1.7. Kwa siku moja nampa kila mmoja maziwa kiasi cha sehemu moja ya tano ya uzito wake au pungufu kidogo, yaani dume hupata kama mililita 360 na jike 320, nikigawa milo mitano. Natumia maziwa ya ng'ombe ya jirani, yaliyochemshwa kisha yakaachwa yapoe mpaka tone likidondoka ndani ya kifundo cha mkono lisikere wala lisisisimue. Sikuyaongeza maji wala sukari.

Mkao wake ndio wenye siri kubwa. Mwanzo mwanangu alikuwa akimpakata jike chali, kama mtoto mchanga wa binadamu, kwa huruma tu, nami nikamkataza. Mtoto wa mbuzi hunyonya akiwa amesimama, shingo ameinyoosha mbele na kuinua kidogo, na mkao huo pamoja na kunyonya kwenyewe hufunga mfereji maalumu unaoyapitisha maziwa moja kwa moja mpaka tumbo la nne, ambako husagwa. Akilazwa chali, au akimiminiwa kooni, maziwa huangukia katika lile tumbo kubwa la kucheulia, ambalo kwa umri huu halijaanza kazi, na hapo huoza, akavimba na kuharisha. Kwa hivyo sasa mwanangu hupiga magoti nyuma ya mtoto, akamweka katikati ya mapaja yake, mkono mmoja chini ya kidevu na mwengine umeshika chupa. Tundu la chuchu liwe dogo kiasi kwamba chupa ikipinduliwa maziwa yadondoke tone tone, yasichuruzike.

Nasimamisha kabla hawajatosheka. Mbavu zikiwa zimelingana na tumbo, inatosha. Tumbo likizidi mbavu na kukaza kama ngoma, nimezidisha. Nadhani watoto wengi wa mbuzi waliofia majumbani walikufa kwa wema wa kupita kiasi, kila mwanafamilia akipita na chupa yake kwa kuwa mtoto amelia. Kwetu sasa kuna karatasi ukutani, na asiyeandika saa na kiasi hagusi chupa. Mchana ninapokuwa skuli, mke wangu ndiye mwenye zamu.

Mchangiaji, Konde

Maalim, mimi ni bibi mwenye wajukuu na nimefuga mbuzi maisha yangu yote, kwa hivyo utanisamehe nikisema bila kuzunguka. Kazi unayoifanya ni nzuri, lakini pakacha kando ya kitanda lisidumu. Nilimlea beberu mmoja ndani ya nyumba baada ya mama yake kuliwa na mbwa. Alikuwa peke yake, alilala na watoto, akafuatana nao mpaka kisimani. Alipofika umri wa mwaka mmoja hakumjua mbuzi yeyote, watu ndio aliowaona wenzake, na beberu hushindana na wenzake kwa pembe. Alimwangusha mjukuu wangu ngazini akamvunja mkono. Mbuzi yule hakuwa mbaya. Sisi ndio tuliomlea asijijue kuwa yeye ni mbuzi.

Wako ni wawili, na hiyo ni rehema, kwa sababu watajuana. Lakini waonyeshe mbuzi wengine mapema. Na dume, usimzoeze kucheza kusukumana vichwa na watoto hata mara moja, ijapokuwa sasa inachekesha.

Mchangiaji, Makunduchi

Naunga mkono maneno ya Bibi. Hata kama mtu anaye mmoja tu, ni bora amtafute mwenziwe, au ajaribu kumpata mama wa kambo. Mbuzi humjua mwanawe kwa harufu, na mimi nilifanikiwa mara moja kwa kumpaka yatima majimaji ya kondo la nyuma la mbuzi aliyekuwa akizaa wakati ule ule, nikamsogeza puani mwake kabla hajamaliza kumlamba wa kwake. Akimlamba, umefaulu. Ikishapita siku nzima, huwa vigumu. Itabidi mama afungwe kichwa wakati wa kunyonyesha, na wengine hukataa katakata.

Mwanzisha uzi (wiki ya tatu)

Bibi yangu wa Konde, maneno yako nimeyaweka moyoni, na siku ya tisa niliwahamisha. Nimewajengea kibanda nyuma ya jiko, cha kichanja, sakafu ya fito imeinuliwa juu ya ardhi kiasi cha mita moja, na kati ya fito na fito nimeacha nafasi ya kinyesi kuanguka bila ya kwato kukwama. Kwa masika yetu, banda la chini halifai. Udongo unakaa umelowa wiki nzima, na unyevunyevu ndio unaolea koksidia, vidudu vya utumboni vinavyoshambulia zaidi kuanzia wiki ya tatu na kuleta kuharisha, mara nyengine kuharisha damu. Paa nimelishusha makuti mpaka chini upande wa upepo, na upande wa pili uko wazi.

Usiku wa kwanza walilia mpaka nikatoka na tochi mara mbili. Niliwakuta wamesimama mlangoni, bega kwa bega. Nikawawekea ile kanga ya kwenye pakacha, wakainusa, wakajikunja juu yake wakanyamaza.

Siku ya kumi na mbili jike aliharisha, manjano na majimaji. Nilipunguza maziwa kwa siku moja na badala yake nikampa maji ya chumvi na sukari, kipimo kile kile cha watoto wetu: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vya chai sita vya sukari visivyojaa kilele, na nusu kijiko cha chumvi, mara kwa mara na kwa kiasi kidogo. Siku ya pili kinyesi kikaanza kushikana. Nilikuwa nimekwisha kumwita bwana mifugo wa hapa, naye alipokuja akaniambia kwamba lau angeharisha damu, au angekataa chupa, tusingengoja hata usiku mmoja.

Wameanza kutafuna. Mwanzo walikuwa wakichezea tu, wakivuta jani na kulitema, lakini sasa wanakula majani ya mfenesi niliyoyatundika kimo cha vichwa vyao, na majani ya mlusina kidogo. Nimewawekea maji safi pia, kwa sababu maziwa peke yake hayalifanyi lile tumbo kubwa likue. Majani ndiyo yanayolikuza. Juzi usiku nilimmulika dume nikamwona taya linakwenda upande upande, macho nusu yamefumba. Alikuwa akicheua. Nilimwita mke wangu aje aone.

Na kuanzia wiki hii, kila alasiri nawapeleka kwa jirani mwenye mbuzi sita. Kwa siku tatu niliwaacha nje ya ua, wanuse na wanuswe kupitia fito. Siku ya nne niliwaingiza mahali walipo watoto wenzao kwanza. Mbuzi mkubwa mmoja mweusi alimsukuma jike mara mbili, si kwa kuumiza, nami nilijizuia nisiingilie. Jike akajifunza kumpisha njia.

Mchangiaji, Mkoani

Samahani kwa kuuliza jambo la pembeni kidogo: mimi ninao kondoo wachache, na mmoja ameacha mwana. Je, haya yote yanafaa kwa mwanakondoo?

Bwana mifugo mstaafu, Chake Chake

Karibu yote yanafaa, ndugu yangu: joto, dang'a, mkao, kitovu, usafi wa chupa. Tofauti ni mbili. Maziwa ya kondoo yana mafuta mengi kuliko ya ng'ombe au mbuzi, kwa hivyo mwanakondoo anayelelewa kwa maziwa ya ng'ombe hukua polepole zaidi, na usimlazimishe kwa kumjaza. Ya pili ni muhimu sana: kondoo hudhurika upesi na madini ya shaba, na jiwe la chumvi au chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa ajili ya mbuzi au ng'ombe kinaweza kuwa na shaba ya kumuua kondoo taratibu kupitia ini. Mpe kilichokusudiwa kondoo tu.

Kwa nyote, mkiona vidonda vya maganda kwenye midomo ya watoto, vaeni glavu mnapowanywesha na muwatenge, kwa sababu ugonjwa ule huhamia kwenye vidole vya binadamu.

Mwanzisha uzi (wiki ya kumi na moja)

Nimerudi kukamilisha nilichokianza. Kuanzia wiki ya sita nilipunguza milo hadi mitatu, kisha miwili, na wiki iliyopita nikaacha chupa kabisa, baada ya mizani kuonyesha dume kilo 7.2 na jike kilo 6.5, zaidi ya mara tatu ya uzito waliokuja nao. Sikuiacha kwa kuangalia umri tu. Niliwatazama kwanza kama wanakula majani kwa wingi na kucheua vizuri, na kila hatua ya kupunguza niliiacha ikae siku tano au sita kabla ya kwenda nyengine. Dume amehasiwa na bwana mifugo, kwa kuwa shangazi hahitaji beberu wa pili.

Palitokea ugomvi mdogo ambao naona niutaje. Walipenya uani wakaguguna miche minane ya mikarafuu ya jirani, naye alikuwa na haki ya kukasirika, kwa sababu mche wa mkarafuu huchukua miaka kabla ya kumpa mtu kitu. Nimemlipa miche mengine na nimeuziba ua kwa fito za kulala. Mtoto wa mbuzi aliyezoea watu haogopi mlango wa mtu, na hili nalo mlihesabu mnapoamua kuwaleta nyumbani.

Ijumaa nimewarudisha Micheweni. Tulikwenda kwa gari ile ile, safari hii wamesimama kwa miguu yao, na mwanangu ameshika kamba mbili. Shangazi aliwafungulia zizi, akarudi nyuma. Dume aliingia moja kwa moja kwenye majani. Jike alisimama mlangoni, akatugeukia, akalia mara moja. Mwanangu akataka kwenda, nikamshika bega. Mbuzi mmoja wa shangazi aliitika kutoka ndani, jike akageuza masikio, kisha akaingia. Tulipokuwa tukinywa chai barazani nilimchungulia, nikamkuta amelala katikati ya wengine, anacheua.

Shangazi ana mbuzi mwengine mwenye mimba, na kwa hesabu yake ya miezi mitano atazaa kabla ya vuli. Nimemwachia kipimajoto, chupa yenye chuchu na dawa ya kitovu, na kwenye friza ya nyumba ya pili yake nimeweka chupa mbili ndogo za dang'a ya ng'ombe, nimeziandika tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika.